Madonge Kwenye Matete

Violet Budeba hakutembea pale palipowezekana kukimbia. Asubuhi alichota maji, akafagia nusu ya uwanja, akaacha ufagio hapo alipofika, akanywa uji akiwa amesimama, kisha akashika njia ya shule mbele ya wenzake wote. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa safarini, ndiyo maana hatulii. Ilikuwa kweli. Budeba na mkewe walihama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na Violet alizaliwa kabla hawajapata pa kujenga katika bonde la Usangu. Sasa walikuwa na nyumba ya bati pembeni mwa mashamba ya mpunga ya Madibira, na Violet alikuwa darasa la sita.

Darasani alikuwa mwepesi. Alinyoosha kidole kabla swali halijaisha, na mara nyingi alipata. Devota, mtoto wa mkulima wa mpunga aliyekaa naye dawati moja, alikuwa kinyume chake. Yeye alifikiri kwanza, akaandika, akafuta, akaandika tena. Walipendana hivyo hivyo, mmoja akimsubiri mwenzake na mwingine akimvuta.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilikuwa hazijaanza. Pawatila, zile trekta ndogo za mkono, zilinguruma kwenye majaruba ya mpunga kutwa nzima, na vumbi la barabarani liliingia mpaka kwenye vikombe. Chini ya shule palikuwa na bwawa dogo lililopata maji yake kutoka kwenye mfereji mkuu. Wafugaji walinywesha ng'ombe wao upande mmoja, na upande wa pili wakulima walichota maji ya kumwagilia vitalu vya mpunga. Kando yake yalimea matete na mayungiyungi.

Mwalimu Ikupa, aliyefundisha sayansi, aliwapeleka huko wanafunzi wa klabu yake. Aliwataka watafute viumbe vinavyoishi vikiwa vimeshikilia mimea ya ukingoni. Aliwaonya kwamba asikanyage mtu majini, kwa sababu kichocho huingia mwilini kupitia ngozi. Kila wawili walipewa fimbo ndefu yenye ndoano, mifuko ya plastiki ya kuvaa mikononi, na chupa ya kioo.

Violet, aliyepangwa na Devota, ndiye aliyevuta tete lililowashangaza wote. Shina lake, sehemu iliyokuwa chini ya maji, lilifunikwa na madonge laini yanayoteleza, meupe kama ute wa yai ambao haujaiva. Ndani ya madonge mlikuwa na vidoti vyeusi. Wenzao walikuja kutazama, wakakunja nyuso. Mmoja alisema ni mayai ya chura, mwingine akasema ni makohozi ya ng'ombe, wakacheka. Mwalimu Ikupa aliinama akayatazama kwa muda.

“Mimi pia siyajui,” alisema. “Yawekeni kwenye chupa yenye maji ya bwawani, kivulini, mkae kimya mtazame kwa lenzi. Mtaniambia mtakachokiona, siyo mtakachokidhani.”

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Devota kumwagilia miti ya shule, kwa hiyo Violet alibaki peke yake na chupa nyuma ya darasa. Alitazama. Madonge yalikuwa madonge. Akabadilisha mguu wa kukalia. Akaigeuza chupa, akaitikisa kidogo ili yaamke, akatazama tena, hakuna kitu. Uwanjani wasichana walikuwa wakicheza netiboli, na mmoja alimwita. Violet aliiacha chupa dirishani akaenda. Aliporudi baada ya kengele, jua lilikuwa limehama na kuipiga ile chupa, maji yalikuwa ya moto na madonge yamelegea. Akayamwaga yote nyuma ya choo.

Kisha wakaitwa kusimulia. Kundi moja lilikuwa limepata vitoto vya kereng'ende, na lingine mdudu anayebeba nyumba yake ya vijiti mgongoni. Walisifiwa. Mwalimu alipomgeukia Violet, klabu nzima ikamtazama, na yeye hakupenda kuwa wa kwanza kukosa jibu.

“Nimeyaangalia kwa lenzi, Mwalimu,” alisema. “Ni mayai ya konokono wa kichocho. Vile vidoti ni vitoto vyake. Nimeviona vikitikisika.”

Mwalimu Ikupa aliomba kuiona chupa. Violet akasema imemwagika kwa bahati mbaya. Mwalimu alisita, akasema basi watavuna tete jingine wiki ijayo, na mpaka hapo mtu asiyape jina yale madonge. Lakini watoto walikuwa wameshasikia. Walipofika kwenye pampu ya maji, kina mama waliuliza habari za shule, wakaambiwa bwawa limejaa mayai ya kichocho. Violet alikuwepo. Walipomuuliza kama ni kweli ameyaona mwenyewe, aliitikia, na hata akaongeza kwamba ni mengi sana.

Maneno hayo, bila jina la aliyeyasema, yalifika kwa mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Zabron, kabla jua halijazama. Zabron hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliotangulia mwanawe alikojoa damu, akapelekwa kutibiwa, na tangu hapo jina la kichocho lilimnyima raha. Asubuhi aliweka miba kwenye njia ya bwawani. Watu walianza kutafuta aliyeuleta ugonjwa huo, na haikuchukua muda kabla mtu hajasema ni ng'ombe wa wahamiaji, kwani ndio wanaotia miguu majini kila siku. Wakulima waliowasalimu wafugaji kwa miaka mingi walianza kuwapita kimya. Mwishowe ilitangazwa kwamba Jumamosi vijana watafyeka matete na kumwaga dawa ya sumu bwawani, ili konokono na mayai yake wafe wote.

Nyumbani kwa Budeba mambo yaliharibika taratibu. Seni, kaka yake Violet, alilazimika kuwapeleka ng'ombe mtoni, mbali sana, na kurudi nao jioni wakiwa na kiu ile ile waliyoondoka nayo. Alhamisi alirudi bila mtamba mwekundu. Mnyama huyo alikuwa amelala njiani na kukataa kunyanyuka. Budeba alichukua ndoo na gudulia la maji akamfuata, na walirudi polepole, mtu na mnyama, wote wamejaa vumbi.

Wakati wa kula, mama alimuuliza mumewe kwa nini haendi kwa mwenyekiti kujitetea. Budeba alinawa mikono bila haraka.

“Nitajitetea kwa lipi?” alijibu. “Wanasema yuko mtu aliyeyaona kwa macho yake. Mimi sijaona kitu. Nitabishana vipi na aliyeona?”

Hakujua kwamba aliyeona alikuwa amekaa mbele yake. Violet aliuacha ugali. Alinyanyuka akasema anakwenda kumtazama mtamba, akatoka, akazunguka zizi, akarudi mlangoni, akatoka tena. Mtamba alikuwa amelala akihema, na Seni alikuwa akimkanda miguu. Seni alimwambia atulie mahali pamoja, maana anawatisha wanyama. Violet hakuweza. Kila aliposimama aliiona ile chupa dirishani, ikipigwa na jua.

Kesho yake, Ijumaa, alimweleza Devota kila kitu wakati wa mapumziko. Devota alifikiri kwanza, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alisema baba yake ni mmoja wa watakaomwaga dawa, na kwamba maji ya bwawa lile ndiyo wanayomwagilia vitalu vyao. Kisha akamshika Violet mkono wakaenda pamoja ofisini.

Kumweleza Mwalimu Ikupa kulikuwa kugumu kuliko alivyotarajia, kwa sababu mwalimu hakumsaidia. Hakumkatiza wala hakumkaripia. Alisubiri tu mpaka Violet alipoishiwa maneno na kubaki akilia.

“Kwa hiyo hukuona mayai,” mwalimu alisema.

“Sikuona, Mwalimu.”

“Inawezekana ni mayai kweli. Au si mayai. Mimi na wewe bado hatujui. Twende tukaangalie kabla hawajayaua.”

Baada ya masomo walishuka bwawani wote watatu, mwalimu akiwa amevaa mabuti ya mvua. Walipata tete lenye madonge, na chini ya jani la yungiyungi Devota aliona kitu kingine, utando mwembamba wenye punje zilizopangana vizuri. Walivitia vitu hivyo katika chupa mbili tofauti, wakaziweka juu ya meza katika darasa tupu, mbali na jua. Mwalimu alimpa Violet lenzi. Alimwambia asiiguse meza, na asiondoke.

Kwanza hakuona kitu, kama siku ile. Mguu wake ulianza kutikisika wenyewe. Alitaka kujikuna shingo, alitaka kujua ni nani anayepita nje, alitaka kuuliza kama muda umetosha. Nzi alitua mkononi mwake akatembea mpaka kwenye kiwiko. Violet alifikiria watu wanaonoa mafyekeo yao kwa ajili ya kesho, lakini hakuinuka. Mara akaona ukungu juu ya donge, kama vile lina manyoya.

Akasogea ghafla ili aone vizuri, goti likagonga meza, na manyoya yakatoweka.

Alitamani kupiga kelele. Devota, aliyekuwa nyuma yake, alimnong'oneza kwamba yalikuwepo, na yeye pia aliyaona. Ikabidi waanze upya. Safari hii Violet alibana mikono yake katikati ya magoti, akapumua polepole, akatazama sehemu moja tu. Na hapo, kimoja baada ya kingine, vilichomoza. Juu ya donge zima vilitoka viumbe vidogo vyeupe, kila kimoja na taji lake la nywele nyembamba sana. Taji halikuwa duara. Lilipinda kama pembe za ng'ombe, na pembe zote mbili zimeota nywele. Nywele zilikuwa zikipepea, zikivuta vijichembe vya majini kuelekea katikati. Violet alisahau kabisa kwamba ana miguu.

Katika chupa ya pili hapakutoka kitu. Punje zile zilitulia katika utando wao, na ndani ya baadhi ya punje, kupitia lenzi, lilionekana gamba dogo lililojiviringisha. Hayo ndiyo yaliyokuwa mayai ya konokono.

Mwalimu Ikupa alirekodi video kwa simu akamtumia Lutengano, rafiki aliyesoma naye chuoni, ambaye sasa alikuwa mtaalamu wa viumbe vya majini Mbeya mjini. Haukupita muda simu ikaita. Lutengano alisema anadhani anawafahamu viumbe hao, ila hataki kuamua kwa video yenye ukungu, hivyo anaomba kuongea na aliyewatazama zaidi. Mwalimu alimpa Violet simu. Aliulizwa kama viumbe hujificha vikiguswa, akajibu ndiyo, vyote kwa pamoja. Aliulizwa taji lina umbo gani, akaeleza habari ya pembe. Aliulizwa kuhusu vidoti vyeusi, naye akaenda kuvitazama tena kabla ya kujibu kwamba ni bapa, vya mviringo, na havitikisiki.

“Haya yote umeyaona mwenyewe, au umeambiwa?” Lutengano aliuliza.

“Nimeyaona mwenyewe,” Violet alisema, na safari hii ilikuwa kweli.

Lutengano alieleza kwamba hao ni wanyama waitwao briozoa. Huishi kwa ukoo, mamia yao katika donge moja, na jamaa zao wengi wanapatikana baharini kwenye mwani na mawe, lakini baadhi huishi katika maji baridi ya maziwa, mito na mabwawa. Kazi yao ni kuchuja maji na kula vijimea vidogo. Hawaleti kichocho. Vile vidoti vyeusi ni kama mbegu. Bwawa likikauka donge hufa, lakini mbegu huvumilia ukame na kuamka maji yanaporudi. Mwishowe alitoa onyo. Kuonekana kwa briozoa hakumaanishi kwamba bwawa ni salama. Kama kuna mayai ya konokono basi konokono wapo, na si kila konokono hubeba kichocho, kwa hiyo aitwe mtu wa afya awapime.

Mwalimu alikata simu akamtazama Violet. Alisema yeye anaweza kumweleza mwenyekiti habari za wanyama hawa, lakini habari ya aliyesema uongo si yake kuisimulia.

Jumamosi asubuhi watu walikuwa wamekusanyika bwawani mapema. Vijana walikuwa na mafyekeo na mabomba ya kupulizia dawa, na baba yake Devota alikuwa ameshavaa lake mgongoni. Wafugaji walisimama peke yao upande wa juu, Budeba miongoni mwao. Violet alifika na Mwalimu Ikupa na Devota, amekumbatia chupa kifuani. Alitaka kukimbia, na kwa kweli hakujua kama angekimbilia mbele au nyuma.

Alimwamkia mwenyekiti. Zabron aliitikia na kumuuliza binti ana shida gani. Violet alisema maneno aliyokuwa akiyarudia njia nzima, bila kuyapamba.

“Mimi ndiye niliyesema ni mayai ya kichocho. Sikuwa nimeangalia. Nilikwenda kucheza, kisha nikadanganya kwamba nimeona. Naomba mnisamehe, na wewe baba unisamehe.”

Watu waligeukiana, minong'ono ikaanza. Mtu mmoja alisema kwa ukali kwamba huyu ni mtoto wa wafugaji, bila shaka ametumwa na baba yake ili bwawa lifunguliwe. Budeba hakumtetea binti yake wala hakumkana. Alishuka tu, akaja kusimama karibu naye.

Zabron aliuliza sasa watamwamini vipi, maana aliyedanganya jana anaweza kudanganya leo. Lilikuwa swali la haki, na Violet alikuwa ameshalifikiria. Alisema wasimwamini, waangalie wenyewe. Aliiweka chupa juu ya kigogo kivulini, akampa mwenyekiti lenzi, akaomba watu wasikanyage kwa kishindo.

Haikuwa rahisi. Zabron alitazama kidogo akasema hakuna kitu. Vijana walikuwa na haraka, mmoja alikuwa akigongagonga fyekeo lake chini. Violet alipiga magoti kando ya chupa na kukaa bila kutikisika hata kope, na Devota akafanya vivyo hivyo, na labda kuwaona watoto wawili wametulia namna ile kuliwaonea watu aibu, kwani kelele zilipungua, kisha zikakoma. Zabron alikuwa amejikunja, jicho kwenye lenzi. Ghafla akashusha pumzi.

“Wanatoka,” alisema taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. “Wana mikono.”

Walitazama kwa zamu, wakulima na wafugaji, na aliyegonga kigogo alikaripiwa na wote. Mwalimu Ikupa aliwaonyesha chupa ya pili ili waone mayai ya konokono yalivyo, akawaeleza aliyoyasema mtaalamu, na kwamba yeye mwenyewe alipoulizwa mwanzoni alisema hayajui yale madonge. Baba yake Devota alilitua bomba lake. Alisema kwamba sumu ile ingeingia kwenye vitalu vyake mwenyewe, na alikuwa ameliwaza hilo tangu jana, ila aliogopa kuonekana hajali watoto wa watu.

Zabron aliamua sumu isimwagwe. Miba iliondolewa upande wa ng'ombe, na mtu wa afya akaitwa. Alikuja wiki iliyofuata akakusanya konokono na kuwapima. Wa bwawani hawakuwa na kichocho, lakini wachache wa mfereji mkuu, pale watoto wanapoogelea, walikuwa nacho. Wanafunzi wote walipimwa na waliohitaji dawa walipewa. Zabron alisimama mwenyewe kwenye mkutano na kuwaomba radhi wafugaji kwa miba ile.

Lakini Jumamosi hiyo, Violet alirudi nyumbani nyuma ya baba yake akiwa hajui adhabu yake. Walitembea pamoja na ng'ombe walioshiba maji. Mtamba mwekundu alichechemea, na Budeba alipunguza mwendo kwa ajili yake. Violet alijikuta anatembea pole namna hiyo kwa mara ya kwanza. Hatimaye baba yake alisema kwamba kuanzia sasa kazi ya kumkanda mtamba miguu ni yake, asubuhi na jioni, mpaka apone.

“Umenikasirikia, baba?” Violet aliuliza.

“Nimekasirika,” Budeba alisema. “Lakini leo umesimama mbele ya watu wazima ukasema uliloficha. Wengi hapo hawawezi.” Alimsukuma mtamba kidogo kwa kiganja. “Sikiliza, mwanangu. Mwalimu wako amesoma, na alipoulizwa alisema hajui. Hakuna ng'ombe aliyelala njiani kwa sababu mtu amesema hajui. Ng'ombe wangu alilala kwa sababu mtu alisema ameona. Kama hujaona, sema hujaona, kisha ukae uangalie mpaka uone.”

Violet aliitikia. Walipofika zizini alileta maji ya uvuguvugu, akapiga magoti kwenye samadi, akauchukua mguu wa mtamba mikononi mwake. Mnyama aliuvuta kwa woga. Violet hakuukimbilia. Alisubiri, mikono imefunguka, mpaka mtamba aliporudisha mguu mwenyewe.